Uchumi Unaponywea, Kwa Nini Serikali Hukimbilia Kurekebisha Leseni?

Katika nchi ndogo zinazoendelea kuna habari mbili ambazo hupenda kufuatana kama pacha. Ya kwanza hutoka ofisi ya takwimu: pato la taifa limeshuka, uchumi umenywea. Ya pili hutoka wizara ya fedha au ikulu kwenyewe, mara nyingi kabla wino wa ile ya kwanza haujakauka: imeundwa kamati ya kuboresha mazingira ya biashara, leseni kadhaa zitafutwa, kampuni zitasajiliwa kwa siku moja. Msikilizaji anaunganisha mwenyewe kwamba hili limeletwa ili kuondoa lile. Miezi inapita. Leseni zimefutwa kweli, tovuti ya usajili inafanya kazi, na biashara bado zinafungwa. Hapo mjadala unachafuka. Mmoja anasema mageuzi yalikuwa maneno matupu, mwingine anasema wananchi hawana subira, wa tatu anaapa kwamba takwimu zimepikwa.

Wote watatu wanaweza kuwa wanazungumzia vitu tofauti bila kujua. Mdororo wa uchumi na ubovu wa mazingira ya biashara ni matatizo mawili. Yanagusana, lakini kila moja lina chanzo chake na muda wake wa kutibika. Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, inafaa kuyatenganisha.

Mdororo ni nini hasa

Pato la taifa ni thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa ndani ya nchi kwa kipindi fulani, kwa kawaida mwaka au robo mwaka. Likiongezeka baada ya kuondoa athari ya kupanda kwa bei, tunasema uchumi umekua. Likipungua, umenywea. Mdororo ni kunywea kunakodumu kwa miezi kadhaa na kuenea katika sekta nyingi. Zao moja likiharibika msimu mmoja huku shughuli nyingine zikiendelea vizuri, hilo ni pigo, lakini bado si mdororo.

Vyombo vya habari hupenda kipimo chepesi: uchumi ukishuka robo mbili mfululizo, basi ni mdororo. Hicho ni kipimo cha mazoea tu. Nchini Marekani, kwa mfano, anayetangaza mdororo ni kamati ya wachumi inayotazama ajira, mapato, mauzo na uzalishaji kwa pamoja. Kamati hiyo iliuhesabu mdororo wa 2020 kuwa wa miezi miwili, Februari hadi Aprili. Mwaka 2022, takwimu za awali zilipoonyesha robo mbili za kushuka, haikutangaza mdororo wowote. Nchi ndogo nyingi hazina kamati ya namna hiyo, na baadhi hutoa takwimu za robo mwaka zikiwa zimechelewa sana. Kwa hiyo huko hutazamwa mwaka mzima, na mwananchi husikia kwamba kulikuwa na mdororo wakati tayari ameshaupitia.

Kuna mkanganyo mwingine wa kuondoa mapema. Mdororo si mfumuko wa bei. Bei zinaweza kupanda uchumi ukiwa unakimbia, na zinaweza kutulia viwanda vikiwa vinafungwa. Katika nchi ndogo mambo haya mawili hukutana mara nyingi, kwa sababu mapato ya nje yakipungua sarafu hushuka thamani, na sarafu ikishuka kila kinachoagizwa kutoka nje hupanda bei. Mtu wa kawaida anayaona yakiingia kwa mlango mmoja, basi anayaita jina moja. Hakosei kuhusu maumivu. Anakosea kuhusu chanzo, na chanzo ndicho kinachoamua nini kifanyike.

Kisha kuna hesabu ya vichwa. Uchumi ukikua kwa asilimia 2 na watu wakiongezeka kwa asilimia 3, pato la kila mtu kwa wastani limepungua. Waziri atasema hakuna mdororo, naye atakuwa anasema kweli. Raia atasema hali imekuwa ngumu kuliko mwaka jana, naye pia atakuwa anasema kweli. Nchi zenye ongezeko kubwa la watu zinaweza kukaa miaka kadhaa katika hali hii bila neno mdororo kutajwa hata mara moja.

Udogo una gharama yake

Nchi ndogo haipangi bei ya inachouza wala ya inachonunua. Huuza bidhaa chache, mara nyingi kwa wanunuzi wachache, na huagiza mafuta, mashine, dawa na sehemu kubwa ya vyakula. Mnunuzi mkuu akipiga chafya, nchi inaugua.

Lesotho ni mfano wa karibuni na ulio wazi mno. Ina watu zaidi kidogo ya milioni 2. Tangu mwaka 2000, sheria ya biashara ya Marekani na Afrika inayojulikana kama AGOA ilifungua njia ya nguo zilizoshonwa Lesotho kuingia Marekani bila ushuru, na viwanda vya nguo vikawa mwajiri mkubwa kuliko wote katika sekta binafsi. Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa za Lesotho. Utekelezaji ulisitishwa siku chache baadaye, na kiwango kikaja kushushwa hadi asilimia 15, lakini wanunuzi hawakusubiri kuona mwisho wake. Oda zilisimama, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na Julai mwaka huohuo serikali ikatangaza hali ya janga la kitaifa kutokana na ukosefu wa ajira.

Jiulize sasa: ni leseni ipi ambayo Lesotho ingeifuta ili oda hizo zirudi? Hakuna. Kiwanda kilikuwa kimeshasajiliwa, mashine zilikuwepo, mafundi walikuwepo. Kilichokosekana ni mnunuzi. Benki kuu nayo ina nafasi finyu ya kusaidia, kwa kuwa loti, sarafu ya Lesotho, imefungwa kwa randi ya Afrika Kusini, loti moja kwa randi moja. Riba za Lesotho haziwezi kwenda mbali sana na za jirani yake.

Hata nchi ndogo yenye sarafu inayoelea kwa uhuru, yaani isiyofungwa kwa ya nchi nyingine, haina mkono mrefu. Nchi kubwa ikikumbwa na mdororo, serikali hukopa kwa sarafu yake na kumwaga fedha katika miradi, mishahara na ruzuku. Sehemu kubwa ya fedha hizo huzunguka ndani. Katika nchi ndogo, fedha hizohizo hutoka haraka kwa sababu kila anayelipwa hununua kitu kilichoagizwa kutoka nje. Akiba ya fedha za kigeni inapungua, sarafu inayumba, na serikali inalazimika kukaza mkanda wakati uleule uchumi unapohitaji msukumo.

Mazingira ya biashara, kwa lugha nyepesi

Neno hili limetumika hadi limekaribia kupoteza maana, kwa hiyo tulishushe chini. Mazingira ya biashara ni jumla ya mambo yaliyo nje ya uwezo wa mfanyabiashara ambayo huamua kama kufanya biashara kihalali kuna faida: sheria, vibali, kodi na jinsi zinavyokusanywa, mahakama, umeme, bandari, upatikanaji wa mikopo, na tabia ya afisa aliyekaa nyuma ya dirisha. Kuyarekebisha ni kupunguza muda, gharama na mashaka katika mambo hayo.

Kwa karibu miaka 20, kipimo kilichotawala mjadala huu kilikuwa ripoti ya Benki ya Dunia iliyoitwa Doing Business. Ilianza mwaka 2003, na toleo la mwisho, lililotoka Oktoba 2019, lilipanga nchi na maeneo 190 kwa nafasi, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Waliipenda mawaziri, wakaipenda waandishi wa habari, maana ilikuwa na kitu ambacho kila mtu anakielewa: namba ya ushindi. Rwanda ilipanda kutoka nafasi ya 143 hadi ya 67 katika toleo moja tu, lile la 2010, na ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuongoza dunia kwa mageuzi ya mwaka. Georgia, ile ya milima ya Kaukazi, ilitoka nafasi ya 112 katika toleo la 2006 hadi ya 18 katika toleo la 2008.

Haya hayakuwa mapambo matupu. Baada ya mapinduzi ya amani ya mwisho wa 2003, Georgia iliwaachisha kazi polisi wote wa usalama barabarani, ambao rushwa yao ilikuwa kero ya kila siku, ikaunda kikosi kipya. Ikapunguza idadi ya kodi kutoka zaidi ya 20 hadi chache za kuhesabika kwa vidole. Ukienda Tbilisi, mji mkuu wake, hata leo, watu watakueleza tofauti iliyokuwepo.

Lakini ripoti ilikuwa na mipaka ambayo yenyewe iliitaja, na ambayo karibu kila mtu aliiruka. Ilitazama kampuni ya kubuni, katika mji mkubwa wa biashara, na kuuliza mawakili na wahasibu ingechukua siku ngapi kufuata taratibu zilizoandikwa. Haikupima ukubwa wa soko, usalama, wala utulivu wa uchumi kwa ujumla. Watafiti waliolinganisha siku hizo za kwenye karatasi na siku ambazo kampuni halisi zilisema zimetumia walikuta pengo kubwa: katika nchi moja, chini ya sheria ileile, mmoja alipata kibali kwa siku chache na mwingine akasota miezi. Kwa maneno mengine, sheria ilikuwa moja, ila watu walikuwa na njia tofauti za kulifikia lile dirisha.

Septemba 2021 Benki ya Dunia iliifuta ripoti hiyo baada ya uchunguzi kukuta kasoro katika takwimu za China, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Azerbaijan. Serikali zilizokuwa zimejenga hotuba zao juu ya nafasi za kwenye orodha zikajikuta hazina orodha.

Mambo mawili, saa mbili

Wanaoishi pwani watalielewa hili bila shida. Mdororo ni maji kupwa. Kurekebisha mazingira ya biashara ni kuchimba mlango wa bandari ili vyombo vikubwa vipite. Kazi ya kuchimba ni njema, na wakati wa kupwa unaweza hata kuwa wakati mzuri wa kuifanya, ila haivuti maji. Na maji yakijaa, bandari iliyochimbwa itapokea vyombo vingi kuliko ile iliyoachwa na tope lake.

Mauritius inaonyesha nusu ya kwanza ya hoja hii kwa ukali. Katika toleo la mwisho la Doing Business ilikuwa nafasi ya 13 duniani, mbele ya nchi zote za Afrika na mbele ya nchi nyingi tajiri. Miezi michache baadaye ugonjwa wa korona ukafunga mipaka. Mwaka 2019 kisiwa kilikuwa kimepokea watalii karibu milioni 1.4, mwaka 2020 walikuwa kama 309,000, wengi wao wakiwa wameingia kabla ya Machi, na mwaka 2021 wakashuka tena hadi kama 180,000. Uchumi wa 2020 ulinywea kwa karibu asilimia 15. Nafasi ya 13 haikupunguza hata kidogo makali ya hoteli tupu.

Serikali ya Mauritius iliposhtuka haikukimbilia kufuta leseni. Ililipa sehemu ya mishahara ya wafanyakazi wa sekta binafsi ili wasiachishwe kazi. Benki kuu iliipa serikali rupia bilioni 60 na kuanzisha kampuni ya uwekezaji, ikiitengea rupia bilioni 80, kuokoa kampuni kubwa zilizokuwa zikizama. Hatua hiyo ilikosolewa na wapo walioona ni hatari benki kuu kugeuka mfuko wa kuokoa hoteli. Binafsi naona wakosoaji walikuwa na haki ya kuuliza nani anaamua kampuni ipi iokolewe. Lakini angalau ilielekezwa kwenye tatizo lenyewe, yaani fedha zilizokauka. Mipaka ilipofunguliwa kikamilifu Oktoba 2021, watalii walianza kurudi, na uchumi ukarudi nao.

Georgia inaonyesha pande zote mbili. Mwaka 2007, mageuzi yakiwa yamepamba moto, uchumi wake ulikua kwa zaidi ya asilimia 12. Agosti 2008 ikaja vita na Urusi, wiki chache baadaye misukosuko ya fedha duniani, na mwaka 2009 uchumi ukanywea kwa karibu asilimia 4. Sheria zilikuwa zilezile, nafasi kwenye orodha ilikuwa nzuri kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Kilichoibeba nchi katika kipindi hicho kilikuwa ahadi ya wafadhili ya dola bilioni 4.5, iliyotolewa Brussels Oktoba 2008, pamoja na matumizi ya serikali. Mwaka 2010 uchumi ulikua tena kwa zaidi ya asilimia 6. Je, mageuzi yalisaidia urejeo huo uwe wa haraka? Inawezekana sana, kwa kuwa biashara zilifunguka upya bila vikwazo vingi. Kuyapa sifa yote, hata hivyo, ni kuzifuta zile bilioni 4.5 kwenye daftari.

Rwanda nayo ilinywea kwa zaidi ya asilimia 3 mwaka 2020, ikakua kwa karibu asilimia 11 mwaka uliofuata. Hapa tahadhari ndogo ya hesabu: ukianzia chini, kupanda huonekana kukubwa. Asilimia ya mwaka wa baada ya mdororo isisomwe peke yake.

Kwa nini basi serikali hukimbilia leseni?

Jibu la kweli ni kwamba mageuzi ya namna hiyo ni rahisi kwa mfuko wa serikali. Kufuta kibali hakuhitaji dola. Kulipa mishahara ya watu waliosimamishwa kazi kunazihitaji, au angalau kunahitaji fedha ambazo hazipo. Pia serikali iliyoishiwa huenda kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa au Benki ya Dunia, na miongoni mwa masharti ya mikopo hiyo mara kwa mara huwemo marekebisho ya sheria za biashara, kodi na mashirika ya umma. Sharti likitimizwa, fedha hutoka. Kwa hiyo mageuzi yanaweza kusaidia wakati wa mdororo kwa njia ambayo haitajwi kwenye hotuba: yanafungua mlango wa mkopo.

Sioni dhambi katika hilo. Tatizo huanza pale mkopo unapofichwa na leseni kuwekwa mbele kana kwamba ndiyo itakayoleta wateja. Wateja wasipokuja, watu wanayachukia mageuzi yenyewe, pamoja na yale yaliyokuwa mazuri.

Na kuna jambo baya zaidi ambalo hutokea kimyakimya. Mdororo unapoingia, mapato ya kodi hushuka, lakini lengo la makusanyo lililoandikwa kwenye bajeti hubaki palepale. Mamlaka ya kodi inabanwa. Inawageukia nani? Wale inaowajua: kampuni zilizosajiliwa, zenye vitabu na akaunti za benki. Ukaguzi unaongezeka, makadirio yanapanda, kodi ya mbeleni inaombwa, akaunti zinafungwa hadi mtu alipe kwanza ndipo alalamike. Waziri anatangaza kwamba mazingira yanaboreshwa, na siku hiyohiyo mhasibu wa kampuni anapokea barua ya madai. Katika nchi yenye walipakodi wakubwa wachache, wote wanajuana, na habari husambaa. Aliyekuwa akifikiria kurasimisha biashara yake anaamua kubaki gizani.

Mageuzi yanayosaidia wakati wa kupwa

Si mageuzi yote yana saa ndefu, yaani muda mrefu kabla ya kuzaa matunda. Machache huingiza fedha mikononi mwa watu ndani ya wiki, na cha kushangaza ni kwamba haya ndiyo huzungumzwa kidogo zaidi.

La kwanza ni serikali kulipa madeni yake kwa wazabuni. Katika nchi ndogo, serikali mara nyingi ndiyo mteja mkubwa kuliko wote. Mkandarasi amejenga barabara, mzabuni amepeleka dawa hospitalini, mwingine amelisha shule. Ankara zimepokelewa, fedha hazijatoka. Mkandarasi asipolipwa hamlipi muuza saruji. Muuza saruji anachelewesha mkopo wake. Benki inaona mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, inaongezeka, inapandisha riba au inaacha kabisa kukopesha biashara na kununua hati fungani, yaani kuikopesha serikali, ambayo ni ileile serikali iliyoanzisha mnyororo. Mfanyabiashara mdogo mwishoni mwa mnyororo huo hajawahi kufanya kazi na serikali maishani mwake, lakini amefilisika kwa sababu yake. Kila sarafu ya deni inayolipwa hupita katika mikono yote hiyo kwa mwelekeo wa kurudi. Hakuna tovuti ya usajili inayoweza kufanya hivyo.

La pili ni marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani, ile ambayo wengi huiita VAT. Anayeuza nje ya nchi hulipa kodi hiyo anaponunua malighafi, kisha anastahili kurudishiwa kwa sababu mauzo ya nje hayatozwi. Kisheria ni fedha zake. Kiuhalisia, serikali yenye njaa huzikalia. Kwa hiyo muuzaji wa nje, yule anayeleta fedha za kigeni ambazo nchi inazililia, anaikopesha serikali bila riba na bila kupenda. Akitaka kuendelea na kazi, anakwenda benki kukopa kwa riba fedha ambazo tayari ni zake. Kurudisha marejesho kwa wakati ni mageuzi ya mazingira ya biashara kwa maana halisi kabisa, na athari yake haihitaji miaka mitano kuonekana.

La tatu lina saa ya katikati: sheria ya ufilisi. Mdororo huua biashara; hilo halikwepeki. Swali ni kinachotokea kwa mashine, majengo na watu baada ya hapo. Mahali ambapo kesi ya ufilisi huchukua miaka, kiwanda hufungwa kufuli, mashine zikaota kutu, na mdai wala mdaiwa hapati kitu. Mahali ambapo mahakama au msuluhishi anaweza kusimamisha madai kwa muda, kupanga upya madeni, au kuuza mali haraka kwa mtu mwingine, baadhi ya kampuni zenye biashara nzuri lakini fedha kidogo hupona, na zisizoweza kupona huachia mali zitumike. Si habari ya kuvutia kwenye televisheni. Hakuna waziri anayekata utepe wa mahakama ya ufilisi.

Kuhusu bandari na mipaka nitasema kwa kifupi tu: kontena linalokaa siku chache zaidi linalipiwa, na gharama hiyo huangukia bei ya mnunuzi wa mwisho. Kupunguza siku hizo hakuondoi mdororo, ila kunapunguza makali ya bei wakati sarafu imeshuka.

Dhana zinazorudi kila mara

Inasemwa kwamba mazingira ya biashara ni suala la wawekezaji wa nje. Takriban kila nchi, biashara nyingi ni za wenyeji, na nyingi kati ya hizo ni ndogo. Mgeni mwenye dola milioni 50 hupokewa na waziri, hupewa msamaha wa kodi na afisa wa kumfuata kila ofisi. Anayeumizwa na utaratibu mbovu ni yule asiye na wa kumpigia simu. Tena misamaha anayopewa mgeni hupunguza makusanyo, na pengo hujazwa na walewale wenyeji waliosajiliwa.

Inasemwa pia kwamba kupunguza kodi ndiyo njia ya haraka ya kufufua uchumi. Kuna ukweli ndani yake, lakini kodi ya faida humgusa mwenye faida tu, na wakati wa mdororo wengi hawana faida ya kutozwa. Nafuu kwao huja kupitia ada zinazolipwa hata kama hujauza kitu: leseni za mwaka, tozo za ukaguzi zinazorudiwa na taasisi tatu kwa jambo moja, ada za halmashauri. Hapo ndipo kufuta leseni kunapokuwa na maana wakati wa kupwa. Hakuleti wateja wapya, lakini kunamwezesha mwenye biashara kukaa wazi miezi michache zaidi akisubiri.

Na kuna wale wanaosema, kwa hasira inayoeleweka, kwamba mageuzi hayajawahi kumsaidia mtu. Hao wangeulizwa kuhusu nchi mbili zilizotoka kwenye mdororo mmoja kwa kasi tofauti. Sababu huwa nyingi, lakini mojawapo ni hii: mahali ambapo kuanza upya ni rahisi, waliofunga hufungua tena, mahali ambapo kila kibali lazima kiombwe upya, wengi hawarudi.

Namna ya kulisoma tangazo lijalo

Badala ya Doing Business, Benki ya Dunia sasa hutoa kipimo kiitwacho B-READY. Toleo la kwanza, la Oktoba 2024, lilihusu nchi na maeneo 50. Halitazami sheria peke yake. Linatazama pia huduma za umma zinazoifanya sheria hiyo itekelezeke, na linawauliza wenye kampuni muda waliotumia kweli. Halina ile orodha moja ya jumla iliyokuwa ikishangiliwa. Mawaziri watalipenda kidogo kuliko lile la zamani, na hiyo pengine ni dalili njema.

Lakini vipimo vya kimataifa hupita kwa zamu na huchelewa. Serikali inayotangaza mageuzi katikati ya mdororo inaweza kuulizwa mambo ambayo tayari iko nayo kwenye makabati yake: inadaiwa kiasi gani na wazabuni, na deni hilo limepanda au limeshuka tangu bajeti iliyopita, ombi la marejesho ya kodi huchukua siku ngapi tangu linapopokelewa hadi fedha zinapoingia benki, ni kesi ngapi za kibiashara zimefunguliwa mwaka huu na ngapi zimekwisha. Deni la wazabuni huwa ndilo gumu kulipata, kwa sababu wizara nyingi huandika matumizi siku fedha zinapotoka, wala si siku ankara inapopokelewa. Ankara isiyolipwa haionekani popote kwenye hesabu za mwaka, na nakisi ya bajeti hutangazwa ikiwa ndogo kuliko ilivyo.